Spana Namba Thelathini na Sita

Fomu imetoka wilayani, ina mihuri miwili,
nami karani wa kijiji nimeagizwa niijaze
kabla ya Siku ya Mashujaa.
Mvua ya Rungwe haijui tarehe;
imenifuata toka Kyimo hadi kibarazani kwake,
karatasi nimeificha kifuani, chini ya sweta.

Jina: Asumwisye Mwakibinga.
Kikosi: wahandisi wa medani.
Silaha uliyobeba vitani?

Alicheka mpaka akakohoa.
Akaingia ndani, akatoka na kitu kizito
kilichoviringishwa kwenye kipande cha kitenge,
akakiweka juu ya fomu, kikaacha alama ya grisi:
spana, namba thelathini na sita.
"Andika hiyo."

Nikaandika.

Kagera alinisimulia bila kupaza sauti,
kama mtu anayekuelekeza namna ya kupanda migomba.
Daraja lilikuwa limevunjwa, mto umefura,
ng'ambo adui ametega sikio.
Tochi marufuku. Sigara marufuku.
Kukohoa, ukiweza kujizuia, marufuku.
Nyundo tulizivika magunia
zikadunda kama mtu anayetwanga ndotoni.
Chuma kimoja, watu sita;
mabega yetu ndiyo yalikuwa winchi,
na boliti tulizipapasa gizani
kama kipofu anavyopapasa uso wa mwanawe.

Kiponza wa Kalenga alihesabu kwa mnong'ono:
moja, shusha; mbili, sukuma; tatu, Mungu wangu.
Tweve wa Makete, mzoefu wa baridi,
aliingia majini wa kwanza
akatudanganya kwamba maji ni ya moto.
Usiku wa tatu kombora liliangukia boya lake.
Tukafunga boya jingine palepale.
"Alipokuwa Tweve," akasema,
"palihitaji boliti nane."

Akanyamaza. Mvua ikabaki kuongea na bati.

Alfajiri wakapita:
vifaru, kisha malori,
kisha vijana wa miguu wakiimba.
Hakuna aliyetazama chini.
Nasi chini ndiko tulikokuwa,
matope kiunoni, tukisikiliza chuma kinavyolia,
kilio kipi ni cha uzito,
kipi ni cha boliti inayolegea.
"Hawakututazama, na hiyo ndiyo sifa yetu.
Daraja ukilitazama sana, ujue unaliogopa."

Medali? Sina.
Jeraha? Akanionyesha kidole gumba kisicho na ukucha,
lakini fomu ilitaka namba ya cheti cha daktari.
Mapigano uliyoshiriki?
Kalamu ilisita. Nikaandika: Mto.

Nilimtania kidogo, niondoe uzito:
na lile Daraja la Mungu, la jiwe, pale Kiwira,
wageni wanakokwenda kupiga picha, unalionaje?
Akafikiri kwa makini, kama fundi aliyeulizwa kuhusu kazi ya fundi mwenzake.
"Limeshika vizuri. Ila Yeye hakujenga usiku,
wala hakuna aliyemrushia mizinga."

Tukanywa chai. Hakuuliza kama watamlipa.
Aliuliza kama jina la Tweve linaweza kuingia humo,
hata pembeni, hata kwa penseli.
Nikalitia kwa wino,
kwenye mstari ulioandikwa *Kwa matumizi ya ofisi tu*.

Jioni nikarudi kwa njia ya zahanati,
juu ya kidaraja cha mbao alichokijenga mwaka aliorudi,
bila bajeti, bila kibao cha uzinduzi.
Hapo mama alinivusha mgongoni nikiwa na degedege,
usiku, anakimbia.
Sidhani kama alitazama chini.

Mimi nilisimama katikati, nikapiga magoti,
fomu kifuani ikinuka grisi.
Nikapapasa ukingoni, kwenye ukungu na utelezi,
nikazihesabu boliti za nguzo ya kwanza.
Nane.

Ndaga fijo, nikaziambia, kwa sauti,
peke yangu, kama kichaa.
Mto haukugeuka. Nyuma yangu mtu wa bodaboda
alipiga honi nimpishe, ana mgonjwa,
nikainuka upesi nikampisha,
akapita
akitazama mbele.